Hakuna Mutu Atahama Mpaka 2100

Kolwezi, 12 septembre 1992

Shemeki Ngeleka,

Mi niko. Batoto beko: Fidélie anaingia mwaka ya sita, Mbuyu alipata malaria, akapona. Mama yako eko. Kinywa yake pia iko. Leo asubui alituma Fidélie aniambie kama chumvi nilileta ni ya kulisha ngombe.

Unayua vile tunaishi. Mukwe na mamukwe habaonane, habasemeshane, habale pamoja. Toka bibi yangu, dada yako Bilonda, alikufa, mama yako anakala mu annexe, ile kanyumba nyuma ya kuku, mi nakala ku nyumba ya mbele. Akitoka, mi naingia. Akikohoa, mi nageuka. Batoto njo telefone yetu. Na paka leo famille yenu haiyanitosha, haiyanitoa mu kilio ya dada yako sawa desturi inataka. Shauri yenu.

Barua yako ya juin ilifika août. Nilifungua nikizani unauliza kama tunakula. Unauliza nyumba moja inachoma makala ngapi, ile makaa ya kupikia! Mutu anapanda ndege, anavaa koti, anafika Bulaya, kisha anauliza makala. Bon. Gunia moja kwa mwezi, wakati ya baridi mbili. Mbele tulipika na courant, umeme. Sasa courant iko sawa mugeni, inakuya bila kusema. Ile mashini yenye kusaga mawe ku kampuni ya shaba imelala, siye batu ya mikono tulibakia na kofia ya kazi. Saa hii naenda mu pori, njia ya Lubudi, nakata miti, nachoma, nauzisha. Andika ile: Kalumba alitoka mu shaba, akaingia mu moshi.

Sasa neno yenyewe. Hapa Katanga batu ya Kasaï banaambiwa barudie kwabo. Bajeunes, vijana, banapita mu barabara na ngoma, banabaita bilulu, wadudu. Benye walipata pahali mu treni bameanza kuenda. Mama yako alifika Kolwezi akiwa binti, akaolewa hapa, akakuzaa hapa, akazika mume na Bilonda hapa. Ile Kasaï hayue hata njia ya kisima.

Nakuuliza kitu moja: aende ao abakie? Mi ni mukwe, siwezi kumupangia mamukwe. We njo mwana mume wake, moja tu. Jibu mbio. Usiniandikie hewa.

Kalumba


Liège, 20 octobre 1992

Shemeki mupenzi Kalumba,

Hapa tuko wazima wote, shukrani kwa Mungu. Bibi yangu anawasalimia. Mutoto ameanza kusema, lakini français tu; nikimuita kwa Kiswahili anafikiri ninakohoa. Mvua inanyesha toka Jumatatu. Ninafurahi kusikia mama angali na kinywa yake, ni alama ya afya.

Ulicheka sana juu ya makala, ninajua. Ni haki yako, shemeki asipocheka ni mugonjwa. Lakini sikia kwanza. Profesa wetu anataka kujua dunia itakuwa na joto gani mu mwaka 2100. Hawezi kujua joto bila kujua moshi. Hawezi kujua moshi bila kujua batu: watakuwa wangapi, watakuwa na feza ao hapana, watapika na nini, watakata pori ao wataiacha. Na hiyo hakuna mutu anaijua. Njo maana tunaandika hadithi tatu, tunaziita senario. Ya kwanza: batu wengi, feza kidogo, kila nchi na mambo yake, moshi mingi. Ya pili: batu wanapunguza kuzaa, wanapata feza, mashini safi, courant ya bwawa ya Inga inafika mpaka ku mulango yako. Ya tatu: mambo inaendelea paka vile iko. Kwa kila hadithi tunaweka hesabu zake, ordinateur, mashini ya hesabu, inatoa joto yake.

Mi nilipewa Afrika ya kati. Fikiri kidogo: mutoto wa Kolwezi anakaa na crayon, anaamua Kolwezi itakuwa namna gani! Makala yako imeingia mu kazi yetu. Asante sana.

Kuhusu mama, usiwe na woga sana. Mambo ya politique inapanda, inashuka. Hata sisi hapa, mu senario zote tatu, batu wa Katanga wanabakia pahali pao na wanaongezeka polepole. Hakuna uhamisho mukubwa mpaka 2100. Mi nitaangalia vile naweza kufanya. Mwambie mama ninamukumbuka kila siku.

Wako,
Ngeleka


Kolwezi, 6 décembre 1992

Shemeki wa crayon,

Mi niko, batoto beko, mama yako eko, ananenepa hata. Ni kazi yako. Ngoja nikuelezee.

Barua yako aliileta Amadi, ule mwenye kuendesha camion ya Lubumbashi. Nilisimama inje, nyuma ya ukuta ya annexe, Fidélie akasoma kwa sauti, mama yako akasikiliza ndani. Mama Henriette wa mulango ya pili akakuya na kiti yake. Ye pia ni mutu ya Kasaï, alikuwa na pahali mu treni ya mwezi huu. Kisha bengine bakakuya, juu barua ya Bulaya ni sawa matanga, haina mwaliko.

Fidélie akafika pa «hakuna uhamisho mukubwa mpaka 2100». Mama yako akasema: «Soma tena.»

Akasoma tena.

«Nani anasema ile?» Mama Henriette akauliza.

«Mwana wangu. Eko mu bureau moja na bazungu benye kupanga dunia.»

«Mais banapanga, ao banaona tu?»

«Iko tofauti gani? Siku gani balipanga kitu na siye hatukuiona?»

Hata mi, nyuma ya ukuta, nikaona mama anasema kweli. Mama Henriette akafunga kiti yake, akaenda, akapatia mutu mwengine pahali yake ya treni. Mama yako alikuwa ameisha kufunga malle, sanduku yake. Akafungua, akatosha sufuria moja moja, akatuma Fidélie aniambie nimuletee mbegu ya lengalenga, ile mchicha.

Sasa batu sibayue banasimama mu njia banashika mukono yangu. «Tata Kalumba, ile barua ni ya kweli?» Naitika: sahihi iko. Ku chorale ya mission banasema balikuombea.

Mi niko na maulizo. Ile senario ya pili, yenye courant inafika kwangu: nani atalinda kamba ya courant usiku? Leo banakata kamba, banauzisha shaba yake. Na ile ya kwanza, yenye siye ni bengi na maskini: njo yenye kuharibu hewa? Fidélie anasema hapana, maskini moja moja moshi yake ni kidogo. Basi mwambie Profesa siye njo tunamusaidia. Kampuni imeanguka, cheminée yake haitoshe moshi, juu ya Kolwezi ni safi sawa kanisa mbele ya misa. Tukifwa yote, itakuwa safi zaidi. Aandike ile, ni bure.

Mais haukujibu. Uliandika «nitaangalia». Angalia basi. Kwa sasa mama anabakia, kwa neno yako.

Kalumba


Liège, 18 janvier 1993

Shemeki Kalumba,

Tuko wazima. Mutoto alikuwa na homa, imepita. Barua yako ilifika jana na sikulala.

Kwa jina ya Mungu, ambia batu kama mi sikusema vile! Senario si kuota, si amri, si habari. Ni kusema: TUWEKE kama iko vile, halafu tuone nini inafuata. Tuliweka «hakuna uhamisho» si kwa sababu tunajua. Ni kwa sababu hatujui namna ya kuhesabu uhamisho. Feza tunahesabu, kuzaa tunahesabu, makala tunahesabu. Chuki hatuna mizani yake.

Nilienda kumuona Profesa. Nikamuuliza: tuongeze senario ya ine, yenye batu wanafukuzana? Ni mutu muzuri, alinipa kahawa. Akasema: «Bwana Ngeleka, fujo ya mwaka moja, mu miaka mia, haionekani ku mustari ya joto.» Ni kweli, shemeki. Nilichora mwenyewe. Haionekani.

Mwambie mama afunge malle yake. Mwambie Mama Henriette atafute pahali yake tena. Hapana, ngoja: kama hali inakuwa mubaya, mama aende, kama inatulia, abakie kwanza. Kama anaenda, kuna famille ya baba ku Mwene-Ditu, upande wa Tata Ngandu. Kama kuna mutu wa kumusindikiza. Hapa nimeanza kuuliza mambo ya visa, ni ngumu sana kwa mutu mwenye miaka yake. Nitaangalia.

Usikasirike na mi.

Ngeleka


Kolwezi, ku gare, 4 avril 1993

Shemeki wa Kama,

Mi niko. Batoto beko kwa dada yangu, kule Kasulo. Mama yako eko. Nyumba haiko.

Barua yako ya janvier ilinikuta hapa ku gare, stesheni ya treni, juma imepita. «Mwambie mama afunge malle.» Malle gani?

Balikuya mu mukati ya saa sita, jua juu ya kichwa, hata habakujificha. Mbele alikuwa Mukalay, jirani yangu, kitambaa ku kichwa. Unamuyua: ule mwenye kula bukari yangu, ugali, siku yote ya matanga ya dada yako, akalia kupita famille. Akasimama pa mulango.

«Tata Kalumba, weye ni mutu yetu, hatuna neno na weye. Tutoshee ile mama.»

«Mi? Ni mamukwe yangu. Siwezi kuingia kwake.»

«Basi mwite.»

«Siwezi kusema naye.»

«Sema na ukuta. Atasikia.»

«Mukalay, we haukulelewa? Mutu anatosha mamukwe mu nyumba na macho wazi? Nani kati yenu atafanya ile? We? We mwenye shati ya bulu? Uliisha kuoa? Mamukwe yako eko wapi?»

Ule wa shati ya bulu akashusha macho kweli. Bakaangaliana. Shemeki, nilizani tumeshinda. Bajeunes mia na marungu, na ni haya ya mukwe njo itabarudisha kwabo. Mukalay anakuna kichwa, anatafuta neno.

Sasa mama yako ndani akaita: «Fidélie! Ambia baba yako aangalie upande ya kuku. Natoka.»

Mi nikageuka upande ya kuku.

Njo vile mama yako alifukuzwa: mukwe yake anaangalia kuku. Nikasikia mulango. Nikasikia mabati inabanduka juu ya annexe, halafu juu ya nyumba yangu pia, sababu nilisema sana. Nikasikia Mukalay anamuambia: «Polepole, mama, kuna jiwe hapo.» Eeh! Anamufukuza na adabu.

Hapa ku gare batu ni sawa muchanga. Banalala chini ya plastike, chini ya meza, chini ya kitu hakuna. Mvua inapiga. Mama yako na Mama Henriette beko upande ya magasin ya mizigo, mi nyuma ya ukuta yake. Nikipata bukari naweka chini, nakohoa, naenda. Mama Henriette anakuya kuokota. Kila asubui ananiuliza: «Tata Kalumba, leo ni mwaka gani? 2100 imefika?» Sikuandika mi ile barua. Nilisimama tu nyuma ya ukuta na nikaipenda.

Treni itakuya, siku gani hakuna mwenye kuyua. Bazee banapanda, banashushwa njiani bakiwa bamekufwa. Mama hawezi kuenda ye peke. Mi siwezi kuenda naye: mu wagon banatupanga sawa samaki ya kukausha, macho nitaiweka wapi? Na mi ni mutu ya Katanga. Kule kwenu banipokee na nini, maua?

Basi mi pia nimefanya senario. Ya kwanza: Ngeleka anakuya kuchukua mama yake. Ya pili: Ngeleka anaandika barua. Ya tatu: mambo inaendelea paka vile iko, ku gare, mpaka homa imalize. Ipi? Neno moja. Bila kama.

Kalumba


Liège, 9 mai 1993

Kalumba,

Ya pili.

Kuja siwezi. Usiniulize sababu. Nikiiandika hapa, kuna mutu mwengine mu nyumba yangu atasoma.

Nenda naye. Ninakuomba, mi mwenye sina haki ya kuomba. Kwa desturi ndugu ya marehemu anaweza kumutosha mujane mu kilio. Mi ndugu ya Bilonda ninakutosha. Na buko pia, ile haya ya mukwe na mamukwe, ninaiondoa. Kaa naye, kula naye, muangalie. Sahihi yangu iko hapa chini.

Ku Mwene-Ditu uliza Tata Ngandu, karibu na mission.

Kitabu ya Profesa imetoka. Jina yangu iko mu ukurasa wa mwisho, kwa maandishi madogo. Sikukutumia.

Ngeleka


Mwene-Ditu, 25 juillet 1993

Ngeleka,

Mama yako eko.

Barua yako ilinipata siku treni inafika. Nilimusomea Mama Henriette, Mama Henriette akamusomea mama. Jibu ya mama: «Desturi haikuye na timbre ya posta.» Basi karatasi ya sahihi yako nilikunjia sigara.

Nikapanda. Sikupanda juu uliomba. Nilipanda juu treni ilikuwa inaenda na mama alikuwa ndani.

Ni wagon ya mizigo, bila kifuniko. Tulikala mugongo ku mugongo, mama anaangalia nyuma, Kolwezi, mi naangalia mbele, ku kitu siyue. Akitaka maji, anaambia Mama Henriette, Mama Henriette ananiambia mi, mwenye mugongo yangu iko inamusikia. Batu mu wagon banacheka. Mwanaume moja akasema: «Hawa, hata kufukuzwa banafukuzwa na protocole!»

Ku Lubudi locomotive ikatuacha, ikaenda sijue wapi. Tulikala pale. Bakulima balituletea mihogo, bengine bure, bengine kwa bei ya mahari. Mama Henriette akashikwa na kuhara. Tulimuzika kando ya reli, Lubudi. Mbele ya kufunga macho hakuniuliza tena mwaka. Alikuwa na pahali yake ya décembre, mu wagon ya batu, yenye viti. Mwambie Profesa asogeze mustari yake kidogo. Nayua, haitaonekana.

Kisha ye kufwa, hakuna tena mutu kati yetu. Mama akiwa na kiu, anasema na anga: «Kama kungekuwa mutu na maji.» Mi napitisha kikombe juu ya bega, bila kugeuka.

Tukafika Mwene-Ditu. Usizani bajeunes ni kitu ya Kolwezi tu. Huku pia beko. Mungu aliweka Mukalay kila gare. Banangoja wagon, bananusa nani ni Mukatanga, juu balichoka kulia, sasa banatafuta mutu ya kulipa. Moja akanipandia mbele, kijana, miwani bila kioo moja. Akaniuliza kitu kwa Tshiluba, luga ya Kasaï. Nikaitika. Kiluba yangu ni ya Katanga, sikio yake ikaisikia pale pale.

«Shuka! Huyu ni wabo! Alikuya kutucheka mpaka huku!»

Bakanishika shati. Nikasikia mugongo ya mama inatoka ku mugongo yangu. Alisimama.

«Mumuache. Ni mwana wangu.»

«Mwana gani, mama, hata kusema hayue?»

«Ngeleka. Alizaliwa Kolwezi, akaenda Bulaya. Mulitaka aseme nini, Tshiluba ya ndege?»

«Bulaya, na viatu ile?»

«We, ile miwani yako iko na kioo ngapi? Viatu yake njia ilikula.»

Batu bakacheka kidogo. Ule kijana hapana.

«Alikuwa anafanya nini, kule Bulaya?»

«Alikuwa anapanga dunia na bazungu,» mama akasema. Halafu akanigeukia. Shemeki, miaka kumi na ine nilikuwa naye mu lupango moja, ua moja, sikuyua kama ana jicho ya Bilonda. Ananiangalia wazi, batu yote banaona. «Ngeleka,» akasema, «baambie.»

Nikabaambia. Nifanye nini? Nikasema nahesabu joto ya mwaka 2100. Nikasema joto inatoka mu moshi, moshi inatoka mu batu, na batu hakuna mwenye kubayua, njo tunaandika hadithi tatu. Nikabaeleza ya kwanza na ya pili. Nilisahau courant inatoka wapi, nikaweka Lubudi. Hakuna mwenye kunirekebisha. Kijana wa miwani akanisikiliza, kichwa upande, sawa mutu anasikia ngombe inasoma misa. Kitu ya kijinga vile, akaona, hakuna mutu ya kuchoma makala anaweza kuivumbula peke yake.

«Na siye?» akauliza. «Siye tuko wapi mu ile hesabu yenu?»

«Nyinyi ni batu benye kubakia pahali pabo,» nikasema. «Hakuna mutu atahama mpaka 2100.»

Wagon ishirini za batu juu ya reli, na sufuria, na milango ya nyumba yenye balibandua bakaibeba ku kichwa. Kisha mwanamuke moja akaanza kucheka. Ikapita ku mwengine. Bakacheka mpaka moja akashika tumbo akakala juu ya reli, na machozi yabo inatoka, na siyue tena kama ni kucheka. Kijana wa miwani akaniachia shati. Akasema: «Huyu ni wa Bulaya kweli. Mupatie maji.»

Tata Ngandu alikufwa zamani, hakuna aliyekuandikia. Mission ilimupatia mama kipande ya udongo, juu alikuya na mwana mume wa kujenga. Nimejenga. Ni ya matope, mais haivuje. Mulango ni moja. Siku ya kwanza nilitaka kula inje. Akaniita: «Ngeleka, bukari inapoa.» Nikaingia. Tulikula mu sahani moja. Alisema chumvi ni mingi, mi mwenyewe nilipika.

Nitashuka kuchukua Fidélie na Mbuyu, kama reli inafunguka. Kisha narudi huku. Ku Kolwezi mi ni ule mwenye alifuata bilulu, huku Kalumba hawezi kupita barabara hata mara moja. Ngeleka anapita, banamusalimia, bazee banamuuliza kama mvua itakuya. Anawaambia: nitaangalia.

Basi usikuye sasa. Ukikuya, mama atalazimika kuwaambia we ni nani, na hakuna jina yenye kubakia. Ukitaka kuandika, andika. Ku bahasha weka jina yako, na mission, Mwene-Ditu. Itanifikia.

Ngeleka